Bitana ya Damu ya Mzee

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Praxeda aliitoa cherehani ya mama yake barazani, akaipangusa vumbi na kuitia mafuta. Kisha aliinama kuokota pini zilizodondoka jana yake, maana wateja huvua viatu wakipanda barazani, na mteja akichomwa mguu hasahau. Vipande vya vitambaa vilivyobaki alivikusanya katika mfuko wa salfeti chini ya meza. Mama yake, Anastazia, hakuruhusu hata kipande cha ukubwa wa kiganja kitupwe.

"Usitupe hicho, Praxeda. Nitakitafuta kesho nikikose."

Baraza hilo lilikuwa Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya nane, kati ya karakana ya baiskeli na nyumba ya muuza sambusa. Mafundi cherehani walijaa mtaa mzima, lakini watu walitoka hadi Chumbageni na Makorora kumletea Anastazia nguo zao. Si kwamba mshono wake ulikuwa wa ajabu. Watu walimpenda kwa sababu alijua kunyamaza. Alijua bi harusi gani amenenepa ghafla, alijua nani ameleta gauni kuukuu la dada yake ligeuzwe lionekane jipya la Idi, na hakuna aliyewahi kuyasikia mambo hayo mtaani.

Praxeda hakurithi kinywa hicho. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, na alikuwa mtoto ambaye ukimkosea leo, mwakani atakukumbusha hata rangi ya soksi ulizovaa siku ile. Na huko kukosewa hakukukawia.

Muhula ule Mwalimu Idarusi, aliyefundisha Kiswahili, aliwapa wanafunzi riwaya ya kusoma pamoja. Nakala zilikuwa kuukuu, zimefunikwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, hata jina la kitabu halikuonekana. Wanafunzi wenyewe walikiita "kitabu cha kufuli". Kilimhusu kijana wa pwani, Sabiri, aliyekwenda nchi ya mbali yenye baridi akiamini kuwa atatajirika. Huko akawa mtu wa kusugua sakafu. Jina lake lilikatwakatwa mpaka naye akawa halitambui akiitwa. Mwisho alirudi kwao na sanduku kubwa lenye makufuli, ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulifungua.

"Mgeni ni nani?" Mwalimu Idarusi aliuliza siku ya kwanza. "Nani atanipa mfano wa mtu anayeishi mahali ambapo si kwao?"

Mwatumu aliinuka upesi. Alikuwa msichana mwenye sauti nzuri ya kaswida na marafiki kupita kiasi.

"Praxeda, mwalimu. Kwao Kigoma. Babu yake alikuja kukata mkonge huko Maramba, akasahau njia ya kurudi."

Darasa liliangua kicheko.

"Kaa chini, Mwatumu!" Mwalimu alifoka. "Nimeomba mfano, sikuomba kejeli."

Lakini walikuwa wameshacheka. Praxeda alizaliwa Tanga hii hii. Alikula muhogo wa nazi kama wao, alizungumza kama wao, na Kigoma hakuwahi kuiona ila kwenye ramani. Aliinamia dawati ili machozi yasionekane. Tangu siku hiyo akawa anatafuta njia ya kumkomoa Mwatumu, na njia yenyewe ikaletwa na baba yake Mwatumu.

Baba huyo aliitwa Uweso, na alikuwa Maskati kwa miaka mingi. Mama yake Mwatumu alifariki zamani, kwa hiyo mtoto alilelewa na shangazi yake, Bi Tausi. Hazikupita siku mbili bila Mwatumu kuitaja Maskati. Baba ni meneja Maskati. Baba ana ofisi yenye kiyoyozi. Baba akija, mtaona! Picha ya baba huyo aliizungusha darasani mpaka pembe zake zikalika.

Basi mchana mmoja wa jua kali, wakati watu wamejilaza, mwanamume mwembamba aliyeteremsha kofia mpaka kwenye nyusi alibisha hodi barazani kwa Anastazia. Praxeda alikuwa mlangoni akimenya vitunguu. Alimtambua kwa ile picha.

"Mama Praxeda, nisitiri," alisema Uweso, na sauti ikamkatika. "Nimefika tangu juzi, niko gesti. Nyumbani hawajui. Wallahi nimerudi mikono mitupu. Nilikwenda kama dereva, wakanipeleka jangwani kuchunga mbuzi. Pasi yangu tajiri akaikalia, na mshahara wangu akaukalia. Nitamtazamaje mwanangu? Dada yangu atataka kufungua sanduku."

Mtaani kwao kufungua sanduku halikuwa jambo dogo. Mtu akirudi Uarabuni, ndugu na majirani hukusanyika, mkeka hutandikwa, na zawadi hutolewa moja moja na kuinuliwa juu ili wote wazione. Siku hizi sanduku lenyewe ni begi la magurudumu, lakini jina halikubadilika. Anayerudi bila kitu cha kuinuliwa husemwa mpaka achoke kutoka nje.

Anastazia alimtazama yule mtu anavyofuta macho kwa kofia. Akavuta kiti.

"Keti kwanza, baba Mwatumu. Tuone tunafanyaje."

Uweso aliuza saa na simu yake, akanunua vitambaa. Anastazia na Praxeda wakashona mabuibui, foronya za mahameli, na vifuko vya kalamu vya mahameli nyeusi kwa ajili ya wanafunzi wenzake Mwatumu. Lebo za dhahabu zenye maandishi ya Kiarabu zilipatikana barabara ya kumi, katika duka la vifaa vya ushonaji, ambako huuzwa kwa rola kama utepe. Kazi ya Praxeda ilikuwa kutia zipu. Bitana ilipowaishia, mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa salfeti, akatoa mabaki ya vitambaa vya sketi za shule, rangi ya damu ya mzee.

"Ndani hakuna atakayetazama," alisema. Kisha akamshika Praxeda bega. "Na wewe, haya uliyoyasikia yanaishia hapa barazani. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Alisema kweli, kwa wakati ule. Tena alimwonea Uweso huruma, akazitia zile zipu kwa uangalifu kuliko kawaida yake.

Ijumaa alasiri sanduku lilifunguliwa. Bi Tausi aliwaalika watu wa mtaa, na Mwatumu akawaalika wanafunzi wa darasa lake. Praxeda naye alikwenda, amevaa gauni lake la Pasaka. Kila kitu kilipoinuliwa, vigelegele vilipigwa.

"Mashallah! Vitu vya Maskati hivyo, vioneni!" walisema wanawake, wakipapasa mabuibui yaliyoshonwa nyumba chache tu kutoka pale walipoketi. Uweso alikaa pembeni, akitabasamu kwa shida kama mtu mwenye jino bovu.

Vikaja vifuko vya kalamu. Mwatumu alivigawa mwenyewe, akimwita kila mmoja kwa jina. Samiha akapata. Shekhe akapata. Mudathir akapata, akakibusu. Alipofika mbele ya Praxeda, mkononi kilikuwa kimebaki kimoja. Mwatumu akakitazama, akamtazama Praxeda, akakirudisha begini.

"Hivi ni vya watu wa kwetu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Wewe ngoja wa kwenu wakuletee kutoka Kigoma."

Wengine walicheka, wengine wakaangalia mkeka. Uweso alifungua mdomo, akaufumba. Praxeda alikitazama kile kifuko kikizama ndani ya begi. Zipu yake aliitia yeye, na kidole chake cha shahada kilikuwa bado kinauma pale sindano ilipomchoma. Alitaka kupiga kelele pale pale. Akajizuia, wala si kwa sababu ya ahadi, maana ahadi ilikuwa imeshamtoka kichwani. Alijizuia kwa sababu aliona pale hapatoshi. Alitaka darasa zima liwepo, na mwalimu awepo, na Mwatumu akose pa kujificha.

Hakungoja sana. Wiki iliyofuata Mwalimu Idarusi alifika kwenye somo la ishara.

"Mwandishi hasemi kila kitu waziwazi," alieleza. "Hukupa kitu unachoweza kukishika, kisimame badala ya jambo usiloweza kulishika. Sabiri analala na ufunguo shingoni. Sabiri anavaa koti zito kwenye jua la pwani. Hizo ni ishara. Kila mmoja achague moja, aje atueleze inasema nini kuhusu Sabiri na inatuambia yeye ni nani."

Praxeda alichagua sanduku. Alijiandaa kama anayekwenda vitani. Akiitia mafuta cherehani, alirudia sentensi zake. Akiteka maji bombani, alizirudia. Mama yake alimsikia akinong'ona, akafurahi kwamba mtoto sasa ameshika masomo. Zamu yake ilipofika, alisimama mbele bila hata karatasi.

"Sanduku la Sabiri ni Sabiri mwenyewe," alianza. "Nje lina makufuli yanayong'aa, kwa sababu anataka watu wamwone amefanikiwa. Ndani mna aproni aliyovaa akisugua sakafu. Nchi aliyoiota haikuwepo. Lakini hawezi kusema haikuwepo, maana akisema, yeye atakuwa nani? Si mtu wa kule, kule walimkataa. Si mtu wa huku, huku wanamngoja tajiri. Kwa hiyo analifunga sanduku na kujifungia humo humo."

Mwalimu Idarusi aliweka kalamu chini.

"Vizuri sana, Praxeda. Vizuri mno. Unaweza kukaa."

Angekaa hapo, angepata sifa za muhula mzima. Hakukaa.

"Mwalimu, nina mfano. Masanduku kama hayo yapo hata Ngamiani. Kila mwenye kifuko cha Maskati, naomba akitoe." Vifuko vikatolewa, vyeusi, vinang'aa. "Sasa fungueni zipu. Geuzeni, ndani kuwe nje."

Walivigeuza. Mahameli ikatoweka, na juu ya madawati yote ikatokea rangi ya damu ya mzee. Samiha alikiweka chake juu ya sketi yake, pajani, akalinganisha. Kilikuwa kitambaa kile kile.

"Sketi zetu zinashonwa Maskati?" Praxeda aliuliza. "Zinashonwa barazani kwetu. Na vifuko hivyo vimeshonwa barazani kwetu, na mabuibui, na foronya! Zipu nimezitia mimi. Lebo zinauzwa barabara ya kumi. Baba yake Mwatumu hakuwa meneja. Alikuwa anachunga mbuzi, na amerudi mikono mitupu!"

Kisha Shekhe, kutoka dawati la nyuma, akalia "Mee!" kama mbuzi, na darasa likapasuka.

Praxeda alimgeukia Mwatumu. Alitazamia atabisha, au atatukana, au atalia. Mwatumu hakufanya lolote kati ya hayo. Aligeuza kifuko chake polepole, akaitazama bitana, akaipitisha kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Hapo Praxeda akatambua jambo ambalo hakuliweka kwenye hesabu zake: Mwatumu hakujua. Muda wote ule alikuwa akimwamini baba yake.

Mwatumu alichukua mkoba wake, akatoka nje bila kuomba ruhusa.

"Praxeda," Mwalimu Idarusi alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilitisha kuliko ya kufoka. "Nilikuomba utueleze kitabu. Kaa chini."

Nisikufiche, msomaji: kisasi kile kilikuwa kitamu. Praxeda alirudi nyumbani shingo juu. Kila alipokumbuka ule mlio wa mbuzi, alitabasamu. Lile la kwamba Mwatumu hakujua lilimchoma kidogo, akalisukuma kando. "Alianza yeye," alijiambia, akalirudia njia nzima mpaka mlangoni.

Ila Mwatumu naye alikuwa na damu ya moto. Hakumrudia Praxeda. Alimrudia fundi. Jioni ile ile alipita mlango kwa mlango, macho yamevimba, akiwaambia wanawake wa barabara ya saba, ya nane na ya tisa: "Fundi Anastazia anatangaza siri za wateja. Leo kamtangaza baba yangu, kesho atakutangaza wewe." Ubaya wa maneno hayo ni kwamba kila aliyeuliza darasani alikuta yana ukweli.

Kesho yake Bi Tausi alipanda barazani bila kuvua viatu. Alikuja kuchukua vitambaa vya harusi ya binti yake, ambavyo vilikuwa bado havijakatwa.

"Bi Tausi, nimekosa nini?" Anastazia aliuliza.

"Muulize mwanao. Kaka yangu hajala tangu jana."

Wakafuata wengine. Mama mmoja alichukua gauni lake likiwa na mkono wa upande mmoja tu, akasema atamaliziwa mbele ya safari. Siku chache baadaye cherehani ilikuwa imefunikwa kanga mchana kweupe. Baba yake Praxeda alikuwa kibarua wa mashine za mkonge Maramba, na alichotuma kilitosha unga tu. Kodi ya chumba, ada, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye ile cherehani.

Praxeda hakuomba radhi. Aliona jinsi mama yake alivyokaa mikono mapajani, na badala ya kujilaumu, hasira ikampanda upya.

"Mwatumu anakuharibia makusudi, mama! Lakini sijamaliza naye. Nitawaambia wote kwamba baba yake alilia hapa kama mtoto. Nitawaambia alijificha gesti!"

"Nenda kaseme," mama alijibu bila kuinua sauti. "Toka sasa hivi ukaseme. Halafu urudi uniambie nani amebaki kuwa mteja wetu."

Praxeda alisimama mlangoni, asijue aende au akae.

"Keti hapa," mama alisema. "Unajua kwa nini babu yako Zebedayo hakurudi kwao Kasulu?"

"Alisahau njia," Praxeda alijibu kwa uchungu. "Si ndivyo anavyosema Mwatumu?"

"Baba yangu aliijua njia kituo kwa kituo. Nikiwa mdogo alikuwa akinichorea mchangani, reli mpaka Kigoma, kisha barabara ya kupanda Kasulu. Kila mwaka alisema mwaka huu nakwenda. Alizipanga nguo, kisha akazipangua. Alipoondoka kwao aliwaambia atarudi na baiskeli, na mabati ya nyumba ya mama yake. Mkonge haukumpa baiskeli wala bati. Akaona bora wadhani amekufa kuliko wamwone anarudi na kikapu. Bibi yangu alikufa anamngoja. Naye akafa Maramba, akazikwa na watu waliokuwa wakimwita mgeni."

Praxeda hakuwahi kuyasikia haya. Kwao babu alikuwa jina la kwenye sala tu.

"Uweso aliposimama hapa na kofia yake," mama aliendelea, "nilimwona baba yangu. Nikasema huyu angalau afike kwake. Ndiyo maana nilimshonea."

"Lakini Mwatumu alinidhalilisha, mama! Mara mbili! Mbele za watu!"

"Najua. Nami naumia, mimi ndiye mama yako. Kukasirika ulikuwa na haki. Ungemjibu yeye mwenyewe, una ulimi wa kutosha. Ungemwambia mwalimu. Ungeniambia mimi, ningekwenda kwa Bi Tausi nikazungumza naye mama kwa mama. Lakini wewe umelipa kisasi kwa kitu kisicho chako. Siri ile ilikuwa ya Uweso. Sisi tuliwekewa tu."

Praxeda alilia. Mwanzoni alilia kwa hasira, kisha alilia kwa sababu alikuwa anamwona mtu asiyemjua, babu yake, akizipangua nguo.

"Vaa viatu," mama alisema.

Mlango wa kina Mwatumu ulifunguliwa na Mwatumu mwenyewe. Walitazamana bila salamu. Nyuma yake, uani, Uweso alikuwa amepiga magoti akikunja mashati yake na kuyatia katika lile begi la magurudumu.

"Naondoka, Mama Praxeda," alisema. "Nakwenda Mkwaja kwa rafiki yangu. Huko hawanijui. Hapa nikipita watoto wananililia kama mbuzi."

Praxeda alilitazama begi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nakuomba radhi. Ulituamini, nikakutangaza. Mwatumu alinikosea, nami nikataka aumie, nikakutumia wewe kumuumiza. Usiende Mkwaja, baba. Babu yangu naye aliona haya kurudi kwao. Hakurudi mpaka akafa."

Uweso aliliweka shati chini. Akamgeukia binti yake.

"Mwatumu, Ijumaa ile niliona ulivyomfanyia mwenzako. Nikanyamaza, kwa sababu Praxeda alijua siri yangu, nikaogopa nikisema neno itafichuka. Kule Maskati hawakuniita jina. Walinipigia mluzi, kama anavyopigiwa mbwa. Nilikaa nikihesabu siku nirudi mahali ambapo hakuna mtu atakayeniambia mimi si wa pale. Nikafika, nikamkuta mwanangu mwenyewe ndiye anayemwambia mwenzake, 'Wewe si wa kwetu.' Niliumia, mwanangu. Niliumia sana."

Mwatumu aliinamisha kichwa. "Ungeniambia tu, baba."

"Ungenipokea hivi hivi, bila kitu?"

Mwatumu alifikiri. "Ningekasirika kidogo," alisema kwa kweli yake. "Halafu ningekupokea."

Uweso akacheka, kicheko cha kwanza tangu afike Tanga. Akaanza kuyatoa mashati begini.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo barabara ya nane imejaa watu wa sokoni, Uweso alipanda barazani kwa Anastazia bila kofia.

"Fundi!" aliita kwa sauti ya kuvuka barabara. "Nimekuja kupimwa ovaroli. Nimepata kazi hapa karakana ya baiskeli." Wanawake walisimama kutazama, ndicho alichotaka. "Ndiyo, tazameni. Mimi ndiye niliyerudi kutoka Maskati na begi tupu, nikawadanganya kwa vitu vya hapa hapa. Kosa ni langu. Fundi huyu alinisitiri na hajamwambia mtu. Waliosema ni watoto, na aliyewasha moto ni wangu. Mwenye nguo yake aje ashonewe."

Anastazia alichukua futi, akaanza kumpima mabega. Praxeda hakuruhusiwa kulishika futi hilo. Kazi yake ikawa kufumua mishono na kufagia, mpaka mama atakapoona anaweza tena kukaa karibu na wateja. Bi Tausi alirudi na vitambaa vya harusi siku mbili baadaye, safari hii akavua viatu.

"Usidhani nimesahau," alisema. "Ila fundi niliyempelekea amemkatia mtu gauni lenye kola mbili."

Darasani, Mwalimu Idarusi aliwasimamisha wote wawili pale pale mbele. Praxeda aliomba radhi kwa kutangaza siri ya mtu. Mwatumu aliomba radhi kwa kumwita mwenzake mgeni na kumnyima mbele za watu, na kwa kumharibia fundi jina. Shekhe naye aliinuliwa, akaomba radhi kwa ule mlio wake.

"Praxeda aliisoma ishara vizuri kuliko ninyi nyote," Mwalimu alisema. "Sijazifuta alama zake. Lakini sikilizeni. Sabiri yuko kwenye karatasi. Mkimcheka, haumii. Tunasoma habari zake ili siku tukikutana na Sabiri wa kweli mtaani, tumtambue na tumpishe apite. Ukisoma kitabu kisha ukakitumia kumpigia mtu mawe, hujasoma kitu."

Praxeda na Mwatumu hawakuwa marafiki siku ile, wala mwezi ule. Waliacha kuchokozana, na kwa watoto wenye hasira kama zao hilo halikuwa dogo. Siku moja, wakifagia darasa pamoja, Mwatumu alimuuliza kama ni kweli Kigoma kuna ziwa ambalo huoni ng'ambo yake. Praxeda alimjibu kuwa hajui, hajawahi kufika.

Jioni hiyo alilirudia swali hilo kwa mama yake. Anastazia aliusimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani.

"Likizo ya Desemba tutakwenda," alisema.

"Kasulu? Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe. Kuna shangazi zangu wawili bado wako hai. Hawajawahi kuniona."

"Tutawapelekea nini, mama?"

"Hatuna cha kupeleka."

Praxeda alifikiria ule mlango asioujua na watu waliongoja miaka yote hiyo. Moyo ulimwenda mbio. "Wakituona hatuna kitu, tutasemaje?"

"Tutasema shikamoo," mama alijibu, "tuingie ndani."